Maoni Kuhusu Kurasa Zinazogeuzwa

Wiki ya kwanza baada ya rekodi kutoka, yalifika maoni arobaini na matatu, na kazi ya kuyasoma ikamwangukia Masikio, kwa kuwa rekodi ilikuwa yake. Ndiye aliyetega maikrofoni ukumbini, ndiye aliyejifungia siku nne chumba cha sauti akiondoa vikohozi, na ndiye aliyetajwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo ambazo hakuna mtu anayehangaika nazo.

Masikio si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa kazini kwake redioni, zaidi ya miaka ishirini nyuma, siku aliposimamisha kazi na kusema kiyoyozi cha chumba cha tatu kinaimba nota isiyopatana na fidla. Walimcheka. Kisha wakazima kiyoyozi, wakasikiliza tena, kicheko kikaisha. Tangu hapo hata mkuu wa vipindi, mtu asiyependa mizaha, alimwita hivyo hivyo.

Rekodi yenyewe ilikuwa ya tamasha la jioni moja: konseto mbili, yaani tungo za piano na okestra, za karne ya kumi na tisa, zile za enzi ya Kiromantiki, watunzi walipokuwa hawaoni haya kulia mbele za watu. Mpiga piano, mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, alizipiga zote mbili kwa kichwa, bila karatasi mbele yake. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Redio ikarusha tamasha, ikalitoa kwenye diski, ikawaomba wasikilizaji waseme lolote walilo nalo.

Wakasema. Mwalimu mstaafu wa hesabu alilalamika kwamba sehemu ya pili ya konseto ya pili imekimbizwa kama mtu anayewahi duka kabla halijafungwa. Daktari wa meno aliandika kwamba alikaa ndani ya gari nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka muziki uishe, mkewe akatoka kumwuliza kama wamegombana. Mmoja aliona fidla zimetiwa sukari kupita kiasi. Mwingine aliandika maneno mawili tu, "Nimelia. Asanteni," bila kusema alilizwa na nini.

Masikio aliyasoma kwa raha, miguu juu ya kiti cha pili, mpaka alipofika kwa mkutubi mmoja. Huyo alisifu kila kitu, halafu mwishoni akauliza, kwa adabu, kama haiwezekani mtu anayemgeuzia mpiga piano kurasa akafanya hivyo taratibu zaidi, maana karatasi inasikika.

Alicheka peke yake. Hakukuwa na mtu wa kugeuza kurasa. Hakukuwa na kurasa.

Lakini wa nane baada ya huyo alisema hivyo hivyo. Na wa kumi na tatu. Alipofika mwisho wa furushi, miguu yake ilikuwa imerudi sakafuni na penseli yake imeweka alama kwenye barua kumi na moja. Watu kumi na mmoja wasiojuana walikuwa wamesikia karatasi. Mmoja, aliyejitambulisha kuwa mpishi wa hospitali, aliandika hivi: "Mwambieni huyo mama asilambe kidole karibu na maikrofoni. Mimi nasikiliza nikiwa jikoni, nimesikia kidole kabla ya karatasi, mwili ukanisisimka."

Huyo mama. Masikio aliisoma ile barua mara tatu.

Akavaa hedifoni, akaweka konseto ya pili, akafumba macho. Piano, okestra, kiti kimoja kikilia nyuma kule. Karatasi, hapana. Akaongeza sauti. Hapana. Akarudi mwanzo, akasikiliza tena, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa sababu alikuwa na siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Ilikuwa ni miaka miwili sasa sauti nyembamba zinamkimbia. Filimbi ya birika ndiyo iliyotangulia kuondoka. Ikafuata kengele ya saa yake ya mkononi, kisha ndege wa asubuhi, ambao alidhani wamehama mpaka siku moja alipomwona mmoja dirishani, mdomo wazi, anaimba kwa nguvu zake zote kama picha iliyonyamazishwa. Kazini alikuwa akiponea kwenye kioo cha kompyuta, kinachoonyesha sauti kwa rangi. Alichokosa kwa sikio alikisoma kwa jicho, na hakuna aliyeshtuka.

Basi akaifungua rekodi kwenye kioo, akavuta upande wa juu kabisa, pale ambapo zamani asingehitaji kuangalia. Vilikuwepo. Viufito vyembamba, vya kijivu, kama mikwaruzo ya ukucha ukutani. Kila kimoja kilikuwa na kijidoa mbele yake. Kidole, akawaza, na akazima kioo kwa haraka kuliko alivyokusudia.

Jumatatu mkuu wa vipindi alimwita. Naye alikuwa ameyasoma maoni, na hakuwa amekasirika, jambo lililomtia Masikio aibu zaidi. Alisema kila mtu hupitiwa, kwamba waliokuwa ukumbini ni watu mia nne na karatasi za programu zao, na kwamba toleo la pili linachapishwa wiki ijayo. Alimtaka asafishe zile kelele hadi Ijumaa. Masikio akaitikia. Hakusema kwamba hawezi kusafisha asichokisikia. Wala hakusema lile lililomkaa moyoni kuliko hilo: kwamba kelele za ukumbini huingia kwenye maikrofoni zote, kidogo kidogo, ilhali hizi ziliingia kwenye moja tu, ile ya kushoto mwa piano, iliyotegwa mkono mmoja kutoka kwa mpigaji.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyekuja kwa msiba wa wiki moja na sasa alikuwa na miaka sita hapo, chumba chake kimejaa vitambaa na karatasi za vipimo. Masikio alimpa hedifoni akamwambia asikilize, aeleze kila kitu ambacho si muziki. Wifi alitaka kwanza aambiwe nani ni nani. Alipoambiwa yule anayepunga kijiti ni kondakta, akauliza kama nauli anakusanya kabla au baada. Kisha akavaa, akaketi wima kama mtu aliyekaa kwa kinyozi, na mzaha ukamtoka usoni taratibu.

Alisikiliza konseto nzima, akichora vijistari kwenye ukingo wa gazeti. Aliposhusha hedifoni alizitazama kwa muda.

"Anageuza karatasi," alisema. "Karatasi kuukuu, si ya siku hizi. Ya siku hizi hulia kwa ukali, hii imelegea kama kitambaa kilichofuliwa sana. Analamba kidole, anashika pembe, anageuza. Huyu si kijana, wifi. Kijana halambi kidole."

"Yuko wapi?"

Wifi aliinua mkono wa kushoto, akauweka hewani karibu na bega lake, kama anayemwonyesha mtu aliyesimama hapo. Kisha akauondoa upesi.

Vijistari vilikuwa thelathini na mbili. Na kabla hawajaenda kulala, wakati wakiosha vyombo, wifi akamwambia bila kumtazama kwamba yeye huzima lile birika kila asubuhi tangu mwaka juzi, na kwamba kama ipo siku Masikio atataka kwenda kupimwa, watakwenda pamoja. Masikio akaendelea kusugua sahani ileile mpaka wifi akamnyang'anya.

Jumanne alimpigia fundi wa piano wa ukumbi, mzee mwenye maneno machache. Huyo alisema kibao cha kuwekea nota alikichomoa mwenyewe mchana ule kabla ya tamasha, kwa ombi la mpiga piano, akakifungia stoo, na kiko huko hadi leo. Kiti cha pili je? Hapakuwa na kiti cha pili. Masikio akachukua picha zote za jioni ile, akaziangalia moja moja kwa kioo cha kukuzia. Kushoto mwa piano palikuwa na sakafu inayong'aa, na kivuli cha piano juu yake, basi.

Akaenda maktaba ya redio, akaazima kitabu cha nota cha konseto ile, akafuatilia rekodi huku akiwa na vijistari vya wifi pembeni, vilivyoandikiwa dakika zake. Aliwaza kwamba kama ni kelele za bahati tu, itaonekana. Havikulingana na mahali ambapo kurasa za kitabu kile zinageuzwa. Akapumua. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, akapima nafasi kati ya kistari na kistari, na pumzi ikamwishia tena. Zilikuwa sawa karibu zote. Kila geuzo lilikuja baada ya idadi ileile ya mistari ya muziki. Kulikuwa na kitabu, ila si hiki. Kilikuwa chenye kurasa ndogo zaidi.

Jumatano mchana, saa nane, mpiga piano alifika redioni kwa mwito wake. Aliketi kwenye kiti cha mgeni, mikono mapajani, akamsikiliza akieleza. Alipoulizwa alijifunzia konseto ile kwenye kitabu gani, alionyesha ukubwa wake kwa viganja: kidogo, cha zamani, cha mama yake. Mama ndiye aliyemfundisha piano, tangu akiwa na miaka mitano. Alikuwa akisimama kushoto kwake, hakai, miaka yote ile, akimgeuzia kurasa. Alikuwa amefariki yapata miaka tisa.

"Alikuwa anawahi," alisema mpiga piano. "Sijafika mwisho wa ukurasa, yeye keshageuza. Tuligombana kwa hilo mpaka nimeota ndevu. Alikuwa akiniambia, macho yako yawe mbele ya vidole vyako, usiningojee."

Masikio akampa hedifoni, akaweka kuanzia sehemu ya pili hadi mwisho wa rekodi. Alimtazama usoni, maana ndicho kitu pekee alichoweza kukifuatilia. Palipofika kistari cha kwanza, kichwa cha yule bwana kiligeuka kidogo kushoto, peke yake, kama cha mtu anayeitwa na asiyetaka kuonekana ameitikia. Cha pili, tena. Chumba kile hakina dirisha na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, lakini Masikio alijikuta amejikunyata.

Muziki ulipokwisha mpiga piano alivua hedifoni. Kisha akasimulia jambo ambalo hakumwambia hata kondakta. Jioni ile, katikati ya sehemu ya pili, alipotea. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa, vidole vikienda kwa mazoea tu, na alijua baada ya pumzi mbili tatu navyo vitasimama. Hapo akasikia ukurasa unageuzwa. Hakuogopa, hakuwa na nafasi ya kuogopa. Alichowaza ni kwamba kama ukurasa umegeuzwa, basi yuko mwanzo wa ukurasa mpya, juu kushoto, na akayaona maandishi. Akaendelea. Kuanzia hapo kila ukurasa uligeuzwa mapema kidogo, naye akakimbia kuufuata.

Masikio alimkumbuka mwalimu wa hesabu na duka lake.

"Mwishoni hapo," mpiga piano aliuliza, "baada ya makofi. Ulisikia?"

Ilibidi Masikio amwambie. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno yale kwa sauti, na yalitoka mepesi kuliko alivyotarajia: kwamba hasikii sauti za namna ile, kwamba hazisikii tena. Yule bwana hakushangaa wala hakumpa pole. Aliinamisha kichwa tu, kisha akamweleza. Baada ya makofi, kabla rekodi haijakatika, ukurasa mmoja zaidi umegeuzwa. Kistari cha thelathini na mbili. Na kwenye kitabu cha mama, baada ya ukurasa wa mwisho wa konseto, hakuna muziki. Kuna karatasi tupu.

"Hapo ndipo alipokuwa akiandika makosa yangu," alisema.

Kitabu chenyewe hakuwa amekifungua tangu mazishi. Kilikuwa ndani ya kiti cha piano nyumbani kwake, chini ya nota nyingine. Walikubaliana kwamba atakileta kesho, na wote wawili walijua kwamba hataki kukifungua akiwa peke yake.

Alhamisi akakileta ndani ya mfuko wa nguo. Kilikuwa kidogo kama alivyosema, jalada limepauka, pembe za chini za kurasa zimekuwa nyeusi na laini kwa vidole. Akakiweka mezani, akageuza kutoka nyuma. Karatasi tupu haikuwa tupu tena kwa miaka mingi: ilijaa mistari ya penseli, mwandiko mdogo uliolala upande mmoja, kila fungu na tarehe yake, tarehe za utoto wake na ujana wake. Mkono wa kushoto mzito. Umepumua mahali pabaya. Leo hujafanya mazoezi, usinidanganye.

Chini kabisa kulikuwa na fungu lisilo na tarehe. Mwandiko ulikuwa uleule. Mpiga piano alilisoma, akalisukuma kuelekea kwa Masikio, akanyanyuka akasimama mlangoni.

Lilisema: Sehemu ya kwanza nzuri. Ya pili umekimbia, nami nimekukimbiza, tusameheane. Ya tatu, pale kwenye kuingia, pembe ndiyo iliyowahi. Si kosa lako.

Masikio aliweka kidole kwenye neno pembe, ile inayopulizwa katika okestra, na hakukiondoa.

Mama yule hakuwahi kumsikia mwanawe akiipiga konseto ile na okestra. Nyumbani kulikuwa na piano tu. Tamasha hili lilikuwa la kwanza. Hilo mpiga piano alilisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida. Kisha akaongeza kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akiamini kwamba ni yeye aliyechelewa pale. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kumwomba radhi mpiga pembe.

Mpiga piano asingeweza kujua. Wala msikilizaji yeyote wa rekodi asingejua, kwa sababu pale penye kasoro Masikio alikuwa ametia kiraka. Alichukua kipande kutoka mazoezi ya asubuhi, akakishona juu ya cha jioni kwa ustadi ambao alijivunia, na hakumwambia mtu. Rekodi ya asili, ile isiyoguswa, ilikuwa kwenye kabati lenye ufunguo, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Akaifungua. Akaiweka kwenye spika, si kwenye hedifoni, wakasikiliza wote. Pembe ni sauti nene, na sauti nene masikio yake yalikuwa bado yanazipata. Iliingia kabla ya piano, karibu mdundo mzima.

"Ni kweli," alisema. "Iliwahi."

Mpiga piano alirudi kitini akafunika uso kwa viganja. Masikio hakujua kama analia au anacheka. Alikifunga kile kitabu polepole, kwa kutumia ncha za kucha, na baadaye alikumbuka kwamba alikuwa ameketi akiupa mgongo upande wa kushoto wa meza, na kwamba hakuupenda ule upande kwa muda wote waliobaki humo.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa mkuu wa vipindi kabla hajaitwa. Alimwambia kuhusu masikio yake, yote, na miaka yote miwili. Kuhusu karatasi alimwambia tu kwamba mpiga piano ameomba ziachwe, kwamba ni sehemu ya tamasha. Mkuu aliuliza kwa nini hakusema mapema. Walipatana kwamba kuchanganya sauti ataachia wenzake, naye atabaki kufundisha wapya na kusimamia maoni ya wasikilizaji, ambayo yalikuwa yameshapita mia mbili. Alitoka humo akiwa mwepesi na mwenye huzuni kwa pamoja. Wiki iliyofuata wifi alimsindikiza kupimwa, akambishia daktari kwa niaba yake kuhusu rangi ya vile vifaa vya kuvaa sikioni.

Toleo la pili lilitoka na kurasa zake zote. Wengine waliandika kulalamika. Wengine waliandika kwamba hawasikii chochote, na Masikio akajiuliza kuhusu umri wao. Mpishi wa hospitali aliandika tena, kusema kwamba ameanza kuzoea, na kwamba siku hizi husikiliza mlango ukiwa wazi.

Mwaka uliofuata mpiga piano alialikwa kwenye mji mwingine kuipiga konseto ileile. Masikio hakwenda. Siku mbili baadaye, mchana, alikuwa mezani kwake akila andazi simu ilipolia. Ni yeye, amesharudi nyumbani. Alisema tamasha lilikwenda vizuri. Alisema alipokwenda huko kitabu alikiacha nyumbani, ndani ya kiti cha piano, na leo asubuhi amekifungua.

Masikio akaliweka andazi chini.

"Ile karatasi imejaa," yule bwana alisema. "Amehamia ndani ya jalada."

Alimwuliza ameandika nini. Mpiga piano akajibu kwamba hajasoma, ameona tu kwamba kuna maandishi, akakifunga. Ameshindwa. Alitaka kujua kama Masikio angeweza kubaki hapo kwenye simu kidogo, asiseme kitu, wakati yeye anakifungua tena.

Masikio alisema atabaki. Akaibana simu kwenye sikio, akasikia hatua zake zikienda chumba cha pili, kifuniko cha kiti kikiinuliwa, kisha akamsikia akivuta pumzi. Alimngoja mpaka alipomaliza kusoma.